Mashirika Yetu: Yaliyouzwa, Yaliyokufa na Yaliyorudi

Wastaafu wa mashirika ya umma tunapokutana, iwe msibani au kwenye foleni ya kuhakiki pensheni, mazungumzo hayachelewi kufika kwenye ubinafsishaji. Yakifika hapo kila mmoja ana hukumu yake tayari. Aliyepunguzwa kazi kwenye kiwanda cha nguo anasema tuliibiwa mchana kweupe. Ambaye mwanawe ni meneja wa tawi la benki anasema tuliokolewa. Kisha wananigeukia mimi, kwa kuwa maisha yangu ya kazi niliyamaliza nikikagua hesabu za mashirika hayo, kwanza yakiwa ya serikali, baadaye mengine yakiwa na wenyewe wapya. Jibu langu halimfurahishi yeyote: niambieni kwanza ni shirika gani, liliuzwa kwa njia gani, na nani alibaki akilichunga baada ya kuuzwa. Mambo hayo matatu ndiyo yaliyoamua. Jina la mmiliki, awe serikali au mtu binafsi, liliamua kidogo kuliko tunavyopenda kudhani.

Mashirika karibu 400

Kijana ambaye hajawahi kupanga foleni ya sukari kwenye duka la RTC, kampuni ya biashara ya mkoa, anahitaji kuanzia mwanzo. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 5, 1967. Siku iliyofuata benki za biashara zikataifishwa, zikaunganishwa kuwa Benki ya Taifa ya Biashara, NBC. Zikafuata kampuni za bima, za kuagiza bidhaa kutoka nje, vinu vya unga, viwanda kadhaa na sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge. Miaka ya 1970 serikali iliendelea kuunda mashirika mapya, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 yalikuwa karibu 400. Kulikuwa na shirika la pamba, la korosho, la mkonge, la maziwa, la ranchi, la filamu, la hoteli.

Tuwe wakweli juu ya mema yake. Kiwanda kilikuwa na zahanati, nyumba za wafanyakazi na mabasi ya kuwaleta kazini. Kilikuwa na timu ya mpira na mara nyingine bendi. Bima Lee walikuwa wanamuziki wa Shirika la Bima, Urafiki Jazz walitoka kiwanda cha nguo cha Urafiki pale Ubungo. Wapenzi wa mpira wa umri wangu wanaikumbuka RTC Kagera, na Reli ya Morogoro iliyoitwa Kiboko ya Vigogo kwa jinsi ilivyowasumbua Simba na Yanga. Mafundi wengi wa mitambo wanaofungua karakana zao leo walijifunzia kazi kwenye viwanda hivyo.

Lakini mkaguzi hasomi nyimbo, anasoma mizania. Na mizania zilikuwa zinaugua.

Ugonjwa wa kwanza ulikuwa fedha za kigeni. Kila mwisho wa mwaka wa fedha tulikuwa tunakwenda kuhesabu mali ghalani. Katika kiwanda kimoja nilionyeshwa safu ya mashine safi, zimepakwa grisi, hakuna hata moja inayozunguka. Karani wa stoo alikuwa na leja yenye mwandiko mzuri kuliko wangu. Kila kipuri kilichokosekana kilikuwa na barua yake ya kuombea fedha za kigeni, na kila barua ilikuwa na jibu lile lile: subirini. Vita vya Kagera, kupanda kwa bei ya mafuta duniani na kushuka kwa mauzo ya mazao yetu vilikuwa vimeikausha hazina ya taifa.

Ugonjwa wa pili ulikuwa bei. Tume ya Bei ndiyo iliyopanga kiwanda kiuze kwa kiasi gani, hata kama gharama za kutengeneza bidhaa zilikuwa juu ya hapo. Ugonjwa wa tatu ulikuwa mahali pa kuficha hasara. Shirika lililokosa mshahara lilikopa NBC, na NBC haikuwa na ubavu wa kukataa, kwa sababu mkopaji na mkopeshaji wote walikuwa watoto wa baba mmoja. Hasara ilihama kutoka vitabu vya kiwanda ikaingia vitabu vya benki, kutoka benki ikaenda Hazina, na kutoka Hazina ikaishia mfukoni mwa mwananchi kwa njia ya mfumuko wa bei.

Kuna kiwanda kilichofundishwa hadi vyuo vikuu vya ng'ambo kama mfano wa mradi ulioshindwa: Kiwanda cha Viatu cha Morogoro, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Kilikusudiwa kutengeneza mamilioni ya jozi na kuuza Ulaya. Hakikuwahi kuuza nje, uzalishaji wake haukupita asilimia chache za uwezo wake, na ulipofika mwaka 1990 kilikuwa kimefungwa. Ukiniuliza ni nani alaumiwe, nitakuonyesha serikali yetu na wale wataalamu wa nje waliopitisha mchoro, wote kwa pamoja.

Sheria, tume, na njia nne

Mwaka 1986 Tanzania ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa kuanza mageuzi ya uchumi. Mwaka 1991 Azimio la Zanzibar liliwaruhusu viongozi kumiliki hisa na kupangisha nyumba. Mwaka 1992 ikapitishwa sheria iliyowezesha kuundwa kwa Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma, ambayo wengi waliijua kwa herufi zake tu, PSRC. Kazi ilianza wakati wa Rais Ali Hassan Mwinyi, ikapamba moto wakati wa Rais Benjamin Mkapa, na tume ikafunga ofisi mwishoni mwa 2007.

Mitaani kila kilichofanyika kiliitwa kuuza. Njia zilikuwa angalau nne, na kuzichanganya ndiko kunakoharibu mjadala wetu mpaka leo.

Njia ya kwanza ni kuuza sehemu ya hisa kwa mwekezaji mwenye mtaji na ujuzi, serikali ikabaki na sehemu yake na kiti kwenye bodi. Ya pili ni kufilisi shirika na kuuza vitu vyake: jengo, mitambo, kiwanja. Ya tatu ni kukodisha: mali inabaki ya umma, mwekezaji anaiendesha kwa miaka kadhaa na kulipa kodi ya pango. Ya nne ni kuajiri menejimenti kutoka nje, kama shirika la umeme, TANESCO, lilivyokabidhiwa kwa NETGroup Solutions ya Afrika Kusini kati ya 2002 na 2006. Shirika halikuuzwa hata kipande. Kila njia ina hatari zake.

Palipobaki hisa

Nianze na bia, maana ndiyo iliyowashawishi wengi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 bia yetu ilikuwa ya kubahatisha, na Watanzania walikuwa wanakunywa za Kenya. Mwaka 1993 South African Breweries walinunua nusu ya Kampuni ya Bia Tanzania, TBL. Mitambo ikabadilishwa, chupa zikawa safi, na kampuni iliyokuwa mzigo ikawa miongoni mwa walipa kodi wakubwa nchini. Mwaka 1998 hisa zake zikaanza kuuzwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililokuwa limefungua milango mwaka huo huo. Sigara zikafuata njia hiyo hiyo, kwa hisa 51 katika kila 100 za Kampuni ya Sigara kwenda kwa R.J. Reynolds mwaka 1995.

Hata hadithi ya bia ina ukurasa usiosomwa. Mwaka 1998 kampuni ya bia kutoka Kenya ilifungua kiwanda Moshi, na wanywaji wakaonja ushindani. Mwaka 2002 wakubwa wawili wakapatana: Waafrika Kusini wakafunga kiwanda chao cha Thika, Kenya, Wakenya wakafunga cha Moshi, wakabadilishana hisa. Wafanyakazi wa Moshi wakarudi nyumbani. Tulikuwa tumeondoa ukiritimba wa serikali, tukaukaribisha wa binafsi, na wakati huo hatukuwa na chombo cha ushindani chenye meno ya kuzuia jambo hilo.

Sukari ilikwenda vizuri zaidi. Kilombero ilibinafsishwa mwaka 1998 kwa Illovo ya Afrika Kusini na mshirika wake, serikali ikabaki na asilimia 25. TPC ya Moshi ilichukuliwa mwaka 2000 na wawekezaji kutoka Mauritius, serikali nayo ikabaki na robo. Uzalishaji wa TPC ulipanda kutoka chini ya tani 40,000 hadi karibu tani 100,000 kwa mwaka. Kule Kilombero wakulima wadogo wa miwa waliongezeka sana kwa sababu kiwanda kilikuwa na uwezo wa kusaga miwa yao. Malalamiko yao juu ya bei na upimaji wa utamu hayajaisha, lakini ni malalamiko ya mtu mwenye soko.

Benki mbili, bei mbili

Hadithi ya benki inafaa kufundishwa shuleni. NBC, ikiwa imejaa mikopo isiyolipika, iligawanywa mwaka 1997. Sehemu moja ikawa NBC mpya ya wateja wakubwa. Nyingine ikawa NMB, iliyoachiwa matawi ya wilayani, walimu, wauguzi na wakulima. Wataalamu wengi waliamini NBC ndiyo nyama na NMB ni mifupa.

Mwaka 2000 asilimia 55 ya NBC iliuzwa kwa Absa ya Afrika Kusini kwa shilingi bilioni 15. Dola wakati huo ilikuwa karibu shilingi 800, kwa hiyo benki yenye jina kubwa kuliko zote nchini ilikwenda kwa chini ya dola milioni 20. Bei hiyo ilizua kelele ambazo hazijanyamaza. Watetezi wake walisema benki ilihitaji mtaji, na mnunuzi mwingine wa maana hakuwapo. Huenda ni kweli, lakini anayeuza akiwa na haraka, tena mbele ya mnunuzi mmoja, hana bei.

NMB haikuuzwa kwa haraka. Kwanza menejimenti ya mkataba iliisafisha. Mwaka 2005 kundi lililoongozwa na Rabobank ya Uholanzi likanunua asilimia 49. Mwaka 2008 wananchi wakauziwa hisa kwa shilingi 600 kila moja, na maombi yakazidi hisa zilizokuwapo. Serikali ikabaki na zaidi ya asilimia 31. Mifupa ile imekuwa moja ya benki zenye faida kubwa kuliko zote nchini, gawio la serikali kwa mwaka limefika mabilioni kwa makumi, na hisa ya shilingi 600 imekuja kuuzwa kwa zaidi ya shilingi 4,000. Mwalimu wa shule aliyenunua hisa mia tano mwaka ule anaelewa ubinafsishaji kuliko semina yoyote.

Palipouzwa majengo

Sasa twende Kusini. Serikali ilijenga viwanda 12 vya kubangua korosho kwa mikopo, vingi kwa mitambo ya Kiitaliano na Kijapani. Wakati vinakamilika, korosho zenyewe zilikuwa zimeadimika: mavuno yaliyofikia tani 145,000 msimu wa 1973/74 yaliporomoka hadi tani 16,500 hivi msimu wa 1986/87. Wakulima walikuwa wamehamishiwa vijiji vya ujamaa mbali na mikorosho yao, bei ilikuwa ndogo, na ugonjwa wa ubwiri unga ulikuwa unakausha maua.

Viwanda hivyo vilipouzwa, vingi vilikwenda kwa wafanyabiashara ambao kazi yao ilikuwa kununua korosho ghafi na kuisafirisha India. Mtu wa namna hiyo anahitaji ghala kubwa lenye paa zima karibu na barabara. Basi kiwanda kikawa ghala. Masharti ya kuendeleza ubanguaji yaliandikwa, lakini hapakuwa na mtu wa kupita mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu kuuliza mashine ngapi zinazunguka. Wanawake waliokuwa wanabangua korosho walibaki wanaangalia malori yakipita.

Mambo kama hayo yaliyakuta maeneo mengi ya viwanda: Morogoro, Tanga, Mwanza, Arusha. Wafanyakazi walilipwa kiinua mgongo ambacho kwa wengi kilitosha kuezeka nyumba au kununua cherehani, wengine wakaendelea na kesi za mafao miaka na miaka. Mwenye daladala anajua jambo ambalo serikali haikulishika: gari unaweza kumkabidhi dereva, lakini hesabu ya jioni unaipokea mwenyewe.

Palipokodishwa, yakarudi

Maji, reli na simu za waya vina tabia yao. Huwezi kuwa na mabomba mawili yanayoshindana mtaa mmoja, wala reli mbili za Kigoma. Mteja hana pa kukimbilia, na kwa hiyo mkataba ndio unaobeba ulinzi wote.

Agosti 2003 kampuni ya City Water, ya ushirika wa Biwater ya Uingereza, Gauff ya Ujerumani na Superdoll ya hapa nchini, ilianza kuendesha huduma ya maji Dar es Salaam kwa mkataba wa miaka 10. Ilipofika Mei 2005 serikali ikauvunja, ikisema makusanyo yameshuka na ahadi hazikutimizwa. Waziri wa Maji alikuwa Edward Lowassa. Mabosi wa kampuni walisafirishwa nje ya nchi, na kesi ikaenda mbele ya wasuluhishi wa Benki ya Dunia. Uamuzi wa Julai 2008 ulisema Tanzania ilikiuka wajibu wake kwa namna ilivyoiondoa kampuni, lakini haipaswi kulipa fidia, kwa sababu biashara ile ilikuwa imeshakwisha thamani kabla ya kuondolewa. Tulitoka salama, lakini miaka ilikuwa imepotea.

Reli ya Kati ilikodishwa kwa RITES ya India mwaka 2007 kwa miaka 25, RITES ikiwa na asilimia 51. Migomo ya mishahara ilianza mapema, treni zikapungua, na kufikia 2011 serikali ilikuwa imeirudisha mikononi mwake. Shirika la Ndege liliuza asilimia 49 kwa South African Airways mwaka 2002, ndoa ikavunjika 2006.

Kampuni ya simu, TTCL, ndiyo inayomuuma mkaguzi kuliko zote. Mwaka 2001 asilimia 35 zilikwenda kwa ushirika wa MSI na Detecon kwa makubaliano ya dola milioni 120. Zililipwa milioni 60. Nusu ya pili ilitegemea ukaguzi wa hesabu za kampuni, na pande mbili hazikukubaliana juu ya hesabu hizo. Huku zikibishana, upande wa simu za mkononi ulichipuka na kutengana na mama yake, ukabadilisha majina kutoka Celtel kwenda Zain kisha Airtel, na TTCL ikabaki na waya na madeni. Mwaka 2016 serikali ilizinunua tena asilimia zile 35 kwa shilingi bilioni 14.9, chini ya dola milioni saba. Mtu asiyefunga vitabu vyake kabla ya kwenda sokoni huuza kwa bei ya mashaka.

Kurudisha si kuponya

Mwaka 2017 Rais John Magufuli aliagiza viwanda vilivyobinafsishwa na kutelekezwa virudishwe serikalini. Wengi tulipiga makofi. Lakini kurudishiwa jengo lisilo na mashine ni kurudishiwa jengo. Shirika la Ndege, ATCL, lilifufuliwa kwa ndege mpya kuanzia 2016, na ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ya mwaka 2022/23 ilionyesha hasara ya shilingi bilioni 56.6. Shirika la serikali likiwa halipimwi, linaumwa magonjwa yale yale niliyoyakuta ghalani zamani.

Mjadala ukarudi kwa nguvu mwaka 2023 juu ya Bandari ya Dar es Salaam na DP World. Bunge liliridhia makubaliano na Dubai mwezi Juni, watu wakalalamika, kesi ikafunguliwa Mbeya, na Oktoba ikasainiwa mikataba ya miaka 30 yenye kipengele cha kupima utendaji kila baada ya miaka mitano. Kipengele hicho ni hatua. Kelele za wananchi zilichangia kuleta maswali ya aina hiyo mezani, na serikali haipaswi kuziona kama uchochezi.

Kwa lugha ya taaluma yangu, shirika lenye vitabu vizuri hupata hati safi, lenye kasoro za wazi hupata hati yenye shaka, na lililooza hupata hati chafu. Ubinafsishaji wa Tanzania naupa hati yenye shaka. Sisemi ulikuwa mchafu, kwa sababu sukari, bia na NMB zipo na zinalipa kodi na gawio. Siwezi kuusafisha pia, kwa sababu viwanda vya korosho vilikufa mikononi mwa watu waliosaini kuviendeleza, na hakuna aliyewafuata.

Kwa hiyo siku ukisikia shirika jingine linatafutiwa mwekezaji, usikubali kuvutwa kwenye ubishi wa serikali dhidi ya watu binafsi. Muulize mbunge wako maswali manne. Je, vitabu vyake vimefungwa na kukaguliwa? Wanunuzi ni wangapi? Umma unabaki na hisa ngapi na viti vingapi kwenye bodi? Na ni ofisi gani, yenye bajeti ipi, itakayokwenda kukagua kila mwaka kama masharti yanatimizwa? Akishindwa kujibu, au akisema mkataba ni siri, mwambie arudi Dodoma akaulete.